Bagamoyo: Mji Uliojengwa kwa Mabega

Kila mwaka, masika yanapokatika, huwachukua wanafunzi wangu wa mwaka wa pili na kwenda nao Bagamoyo. Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi, kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga, na mtu aliyeondoka baada ya sala ya alfajiri hunywa chai yake ya asubuhi Mtaa wa India, chini ya milango ya nakshi ambayo wapiga picha wa harusi wameizoea kuliko wanahistoria.

Mara ya mwisho tulipokwenda, kijana aliyekuwa akituongoza alisimama ufukweni, akatupa maelezo ambayo nimekwisha kuyasikia mara nyingi. Alisema kuwa watumwa walipofika hapa na kuiona bahari, walitambua kwamba hawatarudi tena makwao, ndipo wakasema “bwaga moyo”, yaani uache moyo wako hapa, maana huko uendako hutauhitaji. Alisimulia vizuri, na baadhi ya wanafunzi walitokwa na machozi. Kisha mwanafunzi mmoja wa kike, mwenyeji wa Nzega, akanyoosha mkono. “Kaka, samahani. Na babu zangu waliokuja hapa na mizigo yao, wakalipwa, kisha wakarudi nyumbani, wao walisema nini?” Kijana akatabasamu kwa aibu kidogo, akajibu kwamba hilo halimo katika maelezo yake.

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Tuanze na lugha, kwa kuwa jina ni la Kiswahili na Kiswahili ni chetu. Kubwaga ni kutua kwa kishindo, kuuangusha mzigo chini kwa aliyechoka kuubeba. Anayebwaga kuni kichwani amefika nyumbani. Tukisema mtu amebwaga moyo, tafsiri iliyo karibu zaidi na matumizi ya kitenzi hicho ni kwamba ametulia, ametua mashaka aliyokuwa nayo. Maana ya kuvunjika moyo au kuuacha moyo kwa kukata tamaa inawezekana, nami sina haki ya kuifuta, kwani lugha huzaa maana kulingana na msemaji. Lakini ni maana ya pili. Aliyekuwa na sababu ya kwanza ya kutamka maneno hayo ni mpagazi, mtu aliyekuwa na mzigo wa kubwaga.

Sasa tuitazame ardhi, kwa kuwa bila ardhi yake Bagamoyo haieleweki. Mji uko mkabala na Unguja, umetengwa nayo na mkono wa bahari wa kilomita 40 hivi, kiasi ambacho jahazi lenye upepo mzuri hulimaliza kwa saa chache. Kaskazini yake Mto Ruvu unaingia baharini baada ya kutoka milima ya Uluguru na kuizunguka nchi ya Wazaramo na Wakwere. Wageni wa karne ya 19 waliuita Kingani katika sehemu hii ya chini. Mbele zaidi kaskazini ni mlango wa Mto Wami, na hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako tembo wanaweza kukaribia mchanga wa bahari. Mito hiyo miwili huleta tope, na tope huleta mikoko, na mikoko huleta kamba. Kwenye bonde la Ruvu viboko bado wapo, na mwenye mtumbwi atakupeleka ukawatazame, ingawa yeye mwenyewe hatawasogelea sana, nawe usimshawishi.

Tope hilo ndilo limetunga sehemu kubwa ya historia ya huku. Kilomita tano hivi kusini mwa mji kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti ambao wanaakiolojia wanauhesabu kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Leo mgeni anayesimama Kaole anaona mikoko mahali ambapo zamani vyombo vilitia nanga. Bahari haikuwafukuza watu wa Kaole kwa mawimbi; ilijitenga nao polepole, na maisha yakahamia Bagamoyo.

Nayo Bagamoyo haikuwa bandari kwa maana ambayo mhandisi wa leo angeikubali. Haina kina. Maji yakitoka, ufuko hubaki mweupe na mpana, na majahazi hulala ubavu mchangani kama ng'ombe waliopumzika. Lakini kwa jahazi hiyo ndiyo bandari bora: unaingia na maji kujaa, unapakua kwa miguu maji yakitoka, unaondoka na maji yanayofuata. Hapakuhitajika gati. Palihitajika mabega.

Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, mnamo miaka ya 1830 hadi 1840, mahitaji ya pembe za ndovu yalikuwa yakiongezeka Ulaya, Marekani na Uhindi. Kutoka Bagamoyo njia ilivuka Ruvu, ikapita Usagara na Ugogo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hadi Unyanyembe ulikuwa mwendo wa miezi mitatu hivi. Wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa mbung'o. Hivyo kila pembe iliyoshuka, na kila jora la merikani, kila kichane cha shanga na kila sango la waya lililopanda, vilipita juu ya bega au kichwa cha binadamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na silaha yake.

Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, na walikuwa watu huru. Walikuja kwa mkataba, walilipwa kwa nguo na kwa reale, walikuwa na kirangozi wao aliyetangulia mbele, na aghalabu waliandamana na wake zao. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa kipimo cha utu uzima. Na walijua kugoma. Masharti yalipovunjwa walitua mizigo njiani, wakakaa, tajiri akabembeleza hadi posho ikaongezwa. (Neno posho, ambalo leo linatutia joto kila linapotajwa bungeni, liliwahi kuwa jina la chakula cha mpagazi safarini.) Nadhani hakuna mahali pengine katika Afrika Mashariki ya karne ile palipokusanya wafanyakazi wengi wa ujira namna hiyo. Tunapofundisha historia ya wafanyakazi, tunaanza na makuli wa bandari na reli wa enzi ya Mwingereza, ilhali mgomo wetu ni mkongwe kuliko hao.

Hapa nijilinde, kwa kuwa najua baadhi ya wasomaji wangu watasema Daktari anauosha utumwa. La hasha. Watumwa walipita Bagamoyo, na wengine wengi hawakupita bali walibakizwa kwenye mashamba ya Mrima. Lakini bandari kubwa ya kuwasafirisha watumwa kwenda Unguja ilikuwa Kilwa Kivinje. Bagamoyo kwanza ilikuwa mji wa pembe. Mwaka 2006 nchi yetu ilipoipeleka UNESCO, katika orodha ya awali, njia hii ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iliiita njia kuu ya biashara ya utumwa na ya pembe za ndovu, kwa mpangilio huo. Mpangilio si jambo dogo. Mgeni akishaambiwa kwamba kila mtu mweusi aliyefika ufukweni alikuwa na mnyororo shingoni, hatauliza tena habari za aliyekuja na mkataba. Na mwanafunzi wa Nzega hatapata jibu.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto walionunuliwa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa na Seyyid Barghash mwaka 1873. Makumbusho yaliyo katika nyumba ya zamani ya masista ni mazuri, na mbuyu ulio kwenye uwanja wake unastahili kutazamwa kwa kichwa kilichoinuliwa juu.

Ni kwenye kanisa dogo la misheni hiyo ulikolazwa mwili wa David Livingstone, tarehe 24 Februari 1874. Wageni huonyeshwa mnara wake. Mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi umbali. Livingstone alikufa mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu waliokuwa naye, wakiwamo Abdallah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright, waliutoa moyo wake wakauzika pale chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa nguo na magome, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi baharini. Hakuna aliyewaamuru. Waliobeba walikuwa wanaume na wanawake kadhaa, na majina yao mengi hayamo katika kibao chochote nilichowahi kukisoma. Bagamoyo walitua mzigo. Kutoka hapo jeneza lilipelekwa Unguja kwa manowari ya Kiingereza, na Jacob Wainwright pekee ndiye aliyesafiri nalo hadi Uingereza kuhudhuria maziko ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha.

Kisha akaja Mjerumani. Sitasema mengi hapa kwa kuwa vita vya pwani vimeandikwa, na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi ambao kila mwanafunzi wa fasihi anapaswa kuusoma. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilianza kutwaa forodha na bendera za miji ya pwani. Septemba watu wakaamka, wakiongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Mwezi Mei 1889 Hermann Wissmann, akiwa na askari wengi wa Kisudani na wengine kutoka Msumbiji, aliivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Wajerumani walifanya Bagamoyo makao yao, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, penye bandari ya kina ambamo meli za moshi ziliweza kuingia. Boma lao la Bagamoyo la mwaka 1897 lilijengwa mji ukiwa tayari umepokonywa heshima. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo hapakuwa tena na sababu ya Mnyamwezi kutembea.

Ningependa wageni waonyeshwe pia watu watatu ambao nyumba zao hazimo katika ratiba.

Wa kwanza ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeajiri wapagazi na kuandaa bidhaa kwa ajili ya misafara. Mwaka 1896 alitoa nyumba Bagamoyo iwe shule kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Alifariki mwaka 1897. Mkazi wa Dar es Salaam aliyelazwa wodi ya Sewa Haji pale Muhimbili amelala chini ya jina lake, pengine bila kujua.

Wa pili namwona kama mwalimu mwenzangu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa mwaka 1903 na ambacho hadi leo hatuwezi kuandika habari za pwani bila kukifungua, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake, ingawa jina lililokaa juu ya jalada ni la Carl Velten. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata walisafiri kurudi Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikakataa kumruhusu ashuke na mkewe. Aliiona pwani yake kutoka melini, akarudi Ujerumani, akafa Berlin mwaka 1927. Ikiwa kuna mtu wa Bagamoyo aliyebwaga moyo kwa ile maana ya huzuni, basi ni msomi huyu, mwungwana, mwenye tiketi mkononi.

Wa tatu ni Sheikh Ramiya. Jina lake Yahya bin Abdallah. Aliletwa akiwa mtoto kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtumwa, akakulia katika nyumba ya bwana wake Bagamoyo. Akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, akasoma, akawa khalifa wa Tarika ya Qadiriyya, na Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 walimfanya liwali. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alikuwa miongoni mwa masheikh walioiunga mkono TANU. Fikiri kidogo, msomaji. Mtoto aliyefika ufukweni hapo akiwa mali ya mtu akaja kuwa liwali wa ufuko huo huo, na waungwana wakamfuata kwa zikri. Simulizi ya mioyo iliyovunjika haina pa kumweka.

Baada ya uhuru mji ulilala usingizi mrefu, na pengine usingizi huo ndio uliozihifadhi nyumba zake. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kiliuletea ngoma na vijana, na tamasha lake la kila mwaka hadi leo hujaza mji. Barabara ya lami ikauleta karibu na Dar es Salaam, karibu mno, hata sasa baadhi yetu tunaiona kama uwanja wa nyuma wa jiji, mahali pa kununua kiwanja na kula samaki Jumapili.

Na hatuchukui viwanja tu. Maji tunayokunywa Dar es Salaam kwa kiasi kikubwa ni ya Ruvu, na mtambo wa Ruvu Chini uko katika wilaya hiyo ya Bagamoyo. Oktoba 2022, kina cha mto kiliposhuka na mgao wa maji ukaanza, wakazi wa jiji tuligundua kwa mshangao kwamba tunao mto. Mvuvi wa kamba wa mlangoni mwa Ruvu hakushangaa. Kila lita tunayoivuta huku juu, na kila mti unaokatwa Uluguru, yeye anauona kwenye wavu wake.

Halafu kuna habari ya bandari. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipozuru Dar es Salaam, yalitiwa saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, kusini kidogo mwa mji, kwa mradi uliotajwa kugharimu dola bilioni 10. Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akausimamisha hadharani, akiyashutumu masharti yake, yakiwamo ya kukodisha ardhi kwa miaka 99. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kuwa mazungumzo yatafufuliwa. Kuhusu masharti yale, nimekwisha kusema msimamo wangu: mkataba ambao wananchi hawauoni hauwezi kutetewa na mwananchi. Lakini hoja yangu leo ni ya kihistoria. Bagamoyo ilifanikiwa kwa kuwa na maji machache, ikaanguka kwa sababu hiyo hiyo, na sasa inaambiwa kwamba uhai wake utarudi ikichimbiwa kina. Huenda. Dar es Salaam ilipopata kina chake, mabega hayakuhitajika tena, na waliokuwa na mabega hawakuulizwa.

Siku ile ya safari yetu, wanafunzi walipokuwa wakila samaki wa kukaanga sokoni, nilijitenga nikaenda upande wa Mbegani kumsalimia mzee mmoja ninayemfahamu. Ana shamba la minazi alilorithi kwa baba yake. Nilimkuta amekaa kivulini, na miche kadhaa ya minazi imesimama kwenye kitalu pembeni mwa nyumba, mirefu kuliko inavyopaswa kuwa kabla ya kupandikizwa.

“Mwalimu,” alisema baada ya maamkizi kwisha, “wewe ni mtu uliyesoma, na unaandika habari za bandari. Mnazi huu mrefu wa kwetu huchukua miaka sita, saba, kabla hujaona nazi. Nipande au nisipande?”

Nilimwambia kuwa sijui. Akatikisa kichwa taratibu, akamwita mjukuu wake akwee aniangulie madafu mawili, na nilipotia mkono mfukoni akanikataza.